Sirti: mafungu yaliyowatisha mabaharia kutoka mwendo wa siku tatu

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi, mwenyeji wa Kilwa. Nimesoma Matendo ya Mitume sura ya 27 kuhusu merikebu aliyopanda Paulo. Tufani ilipowakamata karibu na Krete, mabaharia waliogopa kupwelewa katika Sirti. Nimetazama ramani nikaona Sirti iko huko Libya, mbali kabisa na Krete. Ni fungu gani hilo linaloogopwa kutoka mbali hivyo? Na je, ni kweli lilikuwa likimeza vyombo, kama nilivyosikia ikihubiriwa? Sisi fungu likitushika, tunangoja maji yajae, tunaondoka."

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili, lakini lililonishika zaidi ni hilo ulilolisema mwishoni bila kuliuliza, kwamba ninyi mnangoja maji yajae. Tukilielewa hilo vizuri, mengine yatajibika.

Kwanza, Sirti si fungu moja. Ni ghuba mbili za Afrika Kaskazini, na Wayunani na Warumi waliziita zote kwa jina hilo. Sirti Ndogo ndiyo Ghuba ya Gabès ya leo, upande wa mashariki wa Tunisia, yenye visiwa vya Kerkennah kaskazini na kisiwa cha Djerba kusini. Sirti Kuu ni ghuba pana ya Libya, kuanzia Benghazi mashariki hadi Misrata magharibi. Mdomo wake ni zaidi ya kilomita 400, na mji wa Sirte ulioko ufukweni mwake umebeba jina hilo mpaka leo. Kati ya ghuba hizo mbili ndipo ilipokuwa miji mikubwa ya Sabratha, Oea, ambayo sasa ni Tripoli, na Leptis Magna. Merikebu ya Paulo ilikuwa hatarini kutupwa katika Sirti Kuu. Ila sifa mbaya ya jina hilo ilitoka kote kuwili, na kila ghuba ilikuwa na namna yake ya kuua, kwa hiyo nitazieleza moja moja.

Nianze na ile Ndogo, maana inahusu maji kupwa na kujaa.

Wewe umelelewa na bahari inayopanda na kushuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu. Tangu utoto unajua mwezi ukiandama maji yatafika wapi, na mwezi mpevu yatafika wapi. Mtoto wa Kilwa hahitaji kufundishwa kwamba pale alipoogelea asubuhi ataweza kupita kwa miguu mchana. Sasa mfikirie baharia wa Ugiriki au Italia. Sehemu kubwa ya bahari ya Mediterania hupanda na kushuka sentimita 30 au 40 tu, na pengine mtu haoni tofauti yoyote. Bandari zao zilijengwa kwa kuamini kwamba maji hayaondoki. Chombo kilichoelea asubuhi kingeelea jioni, na mwamba uliopita salama juu yake jana utaupita salama leo.

Kisha baharia huyo anaingia Ghuba ya Gabès. Pale maji hupanda na kushuka karibu mita 2 siku za bamvua, mara nyingi zaidi ya kule alikozoea. Sababu ni umbo la mahali. Sakafu ya ghuba inateremka polepole mno. Ukitoka ufuko wa Gabès ukaenda baharini zaidi ya kilomita 100, bado kina ni kama mita 60. Wimbi la kupwa na kujaa linapoingia katika eneo pana na la kina kifupi namna hiyo, huongezeka kimo, kama maji ya beseni yanavyoruka ukingoni ukilitikisa sawasawa na mwendo wake wa kuyumba. Na kwa kuwa chini ni tambarare, mita 2 za kupwa zinaacha wazi eneo kubwa sana. Visiwa vya Kerkennah vyenyewe havina mlima wala kilima cha maana. Sehemu yake ya juu kabisa ni mita 13 hivi. Ukiwa mbali kidogo huvioni, na utakapoviona umeshafika kwenye mafungu.

Kuna kisa kimoja kilichoandikwa na Polybius, mwanahistoria Myunani, ambacho mtu wa pwani yetu atakielewa kuliko msomaji mwingine yeyote. Mwaka 253 K.K., wakati wa vita vya kwanza kati ya Roma na Carthage, dola lililokuwa katika Tunisia ya leo, makonsuli wawili wa Roma, yaani wakuu wake wa mwaka huo, Gnaeus Servilius na Gaius Sempronius, waliongoza msafara mkubwa wa merikebu za vita kwenye pwani ya Afrika. Wakafika kisiwa cha Meninx, yaani Djerba. Polybius anasema kwamba kwa kutoijua bahari ile walipanda mafungu. Maji yakapwa, merikebu zikakaa juu ya mchanga, na majemadari wa dola lililokuwa likipigania bahari nzima hawakujua la kufanya. Baada ya muda maji yakarudi bila wao kutazamia. Wakatosa baharini kila kitu kizito, wakaelea kwa shida, wakaondoka kama watu wanaokimbia adui.

Tazama neno hilo, "bila kutazamia". Wewe ungeketi, ungetazama mwezi, ungekadiria saa, ungeshusha nanga upande wa kilindini ili chombo kisisukumwe juu zaidi maji yakirudi. Wale waliona bahari inawatoroka na hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba itarudi. Ndiyo maana nasema swali lako limegusa penyewe. Mchanga wa Sirti haukuwa na lolote ambalo mchanga wa pwani nyingine hauna. Kilichowaangamiza ni kwamba elimu yao ya bahari, iliyokuwa elimu kubwa na ya kweli, ilifika mwisho pale. Msafara ule uliokoka mafungu ukarudi Sicily, kisha ukakata bahari kuu kuelekea Roma, na tufani ikazamisha merikebu zaidi ya 150. Roma ikaacha vita vya baharini kwa muda.

Hata hivyo, nisikuache ukidhani kwamba kungoja kujaa kunatosha daima. Wewe mwenyewe unajua chombo kikipanda fungu maji yakiwa yamefika juu kabisa ya bamvua, maji ya kesho hayatafika pale, na ya keshokutwa yatapungukiwa zaidi. Utangoja hadi bamvua ijayo, wiki mbili hivi. Ngalawa itasukumwa na vijana. Merikebu ya nafaka ya Aleksandria, yenye shehena ya ngano ya kuilisha Roma, haisukumwi na mtu. Strabo, mwanajiografia aliyeandika karibu na wakati wa kuzaliwa Kristo, anasema wazi juu ya Sirti zote mbili: katikati ya maji ya kina mna sehemu zenye kina kifupi, na kwa kupwa na kujaa kwa maji vyombo huangukia humo na kukaa, na ni nadra chombo kutoka salama. Kwa hiyo, anasema, mabaharia walipita mbali na pwani, wakiogopa upepo usije ukawaingiza ndani ya ghuba bila wao kujihadhari.

Sasa hilo la kumeza. Fungu halimezi chombo kama chatu anavyomeza mbuzi, na mhubiri uliyemsikia hakulitunga yeye. Hadithi hiyo ni ya kale sana. Lakini kuna jambo la kweli chini yake, na nataka ulione.

Chombo kikikaa juu ya mchanga na mawimbi yanapiga, kila wimbi linakiinua kidogo na kukibwaga. Mkuku, ule mti wa chini wa chombo, unapigwa dhidi ya mchanga ulioshindiliwa, ambao kwa pigo la ghafla ni mgumu kama sakafu. Mbao zinaachiana, maji yanaingia. Kama shehena ni ngano, inalowa, inavimba, na inasukuma mbavu za chombo kutoka ndani. Wakati huohuo maji yanayozunguka omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, yanachimba mchanga na kuuondoa, hivyo chombo kinabaki kimeegemea katikati tu, ncha zote mbili zikining'inia. Uzito wake wenyewe unakivunja mgongo. Vipande vinakaa ndani ya mashimo yaliyochimbwa na mkondo, na tufani ikipita mchanga unarudi na kuvifunika. Mtu akija baada ya miezi michache haoni kitu isipokuwa mchanga mtupu mahali aliposikia chombo kimekwama. Atasema nini? Atasema kimemezwa. Sallust, mwanahistoria Mrumi aliyewahi kuwa gavana katika Afrika hiyohiyo, alieleza kwamba bahari ya Sirti ikichafuka kwa pepo, mawimbi hukokota matope, mchanga na mawe makubwa, na sura ya mahali hubadilika pamoja na pepo. Fungu ulilolijua mwaka jana mwaka huu halipo, na mlango uliopita salama umezibwa.

Nimesema kila ghuba ilikuwa na namna yake. Katika Sirti Kuu kupwa na kujaa si kukubwa kama Gabès. Kule muuaji ni upepo pamoja na umbo la pwani. Ghuba imefunguka upande wa kaskazini, na tufani za majira ya baridi zinavuma kutoka huko zikisukuma kila kitu kusini, kwenye kona. Chombo cha kale cha tanga la mraba hakikuweza kubisha vizuri dhidi ya upepo mkali. Kikishaingia ndani ya ghuba na upepo ukiwa nyuma yake, hakitoki mpaka upepo wenyewe ubadilike. Na hakuna pa kukimbilia: pwani ni ndefu, chini, bila bandari nzuri, na nyuma ya vilima vya mchanga yako mabwawa ya chumvi. Nahodha hana mlima wa kumwonyesha kwamba nchi imekaribia. Ataona povu la mawimbi yanayovunjika, na akiliona amechelewa.

Waliookoka mafungu walikutana na jangwa. Cato, adui wa Julius Caesar, aliizunguka Sirti Kuu kwa miguu pamoja na jeshi lake akitokea Berenice, ndiyo Benghazi. Strabo anasema walikuwa zaidi ya watu 10,000, wakalazimika kugawanyika makundi kwa sababu visima vilikuwa vichache, na wakatembea siku 30 katika mchanga mwingi na jua kali. Hilo lilikuwa jeshi lililojitayarisha. Mabaharia wachache waliotupwa ufukoni bila maji, bila viatu, bila kujua kisima kiko mashariki au magharibi, walikuwa na nafasi gani? Mshairi Mrumi Lucan aliandika kwamba watu wa pwani ile, Wanasamoni, waliishi kwa kuokota mali za vyombo vilivyovunjika. Yeye ni mshairi na alipenda kutia chumvi, lakini sioni ajabu kama watu wa nchi isiyo na mvua walitumia kile bahari ilichowaletea.

Msomaji wa vitabu vya Kirumi anaweza kudhani hakuna aliyethubutu kusafiri huko. Si kweli. Pwani ya Sirti Ndogo ilikuwa na rutuba, na miji yake ya biashara ilikuwa tajiri. Wenyeji walipita milango yao kila siku, wakiongozwa na bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, rangi ya maji na kumbukumbu. Mpaka leo wavuvi wa Kerkennah wanapanga makuti ya mitende baharini kuwa uzio, samaki wanaingia na maji yanayojaa na kubaki ndani yakipwa. Mtu wa Kilwa ataujua mtego huo mara moja, maana ni uleule wa wando wetu. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza uvuvi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Naona fahari kubwa katika hilo: bahari iliyotisha makonsuli wa Roma ni shamba la watu waliojifunza saa zake.

Tena elimu hiyo ilikuwa mali, na wenye mali hawakuitoa ovyo. Polybius anataja mkataba wa zamani kati ya Roma na Carthage, ambao yeye anaupeleka hadi mwaka wa kwanza wa makonsuli wa Roma, mwishoni mwa karne ya 6 K.K. Ndani yake Warumi walikatazwa kupita rasi fulani ya karibu na Carthage kwa merikebu za vita. Polybius anaeleza sababu: watu wa Carthage hawakutaka Warumi waijue nchi ya Sirti Ndogo na utajiri wake. Strabo naye anasimulia nahodha Mfoinike aliyekuwa akifuatwa na chombo cha Kirumi katika njia ya siri ya biashara ya bati, huko bahari ya Atlantiki. Kwa makusudi akapandisha chombo chake fungu ili anayemfuata apande pia. Yeye akaokoka juu ya kipande cha mbao, na serikali ya kwao ikamlipa thamani ya shehena aliyoipoteza. Kwa hiyo hofu ya Warumi juu ya Sirti ilikuwa na faida kwa wengine, nami nashuku kwamba baadhi ya hadithi za kutisha zilipewa miguu na watu waliotaka njia ibaki yao.

Turudi sasa kwa Paulo. Merikebu ilitoka Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, katika majira ambayo usafiri wa baharini ulikuwa umeshakuwa wa hatari. Upepo ukageuka ghafla, ukaja Eurakilo, tufani ya kaskazini mashariki ikishuka kutoka milima ya Krete. Wakajificha kidogo nyuma ya kisiwa cha Kauda, ambacho sasa kinaitwa Gavdos, wakaivuta mashua juu kwa taabu na kupitisha kamba chini ya merikebu kuikaza. Hapo ndipo walipotaja Sirti.

Chukua ramani yako tena. Weka rula kwenye Gavdos, uielekeze kusini magharibi, kule upepo wa kaskazini mashariki unakosukuma chombo. Itaingia moja kwa moja katika mdomo wa Sirti Kuu. Umbali ni kama maili za baharini 300. Merikebu ikikimbia na upepo wa nyuma kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, ambao katika tufani si mwendo mkubwa, inafika kwa siku mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana hofu ilianza pale pale. Nahodha hakuogopa kitu alichokiona. Alihesabu upepo, mwendo na siku, akajua kwamba asipofanya jambo leo, keshokutwa hatakuwa na la kufanya. Huo ni ubaharia wa hali ya juu.

Walifanya nini? Luka, mwandishi wa Matendo, anasema walitua matanga wakachukuliwa. Mwaka 1848 James Smith, mtu wa Scotland aliyekuwa na ujuzi wa kuendesha vyombo vya tanga, alitoa kitabu juu ya safari hii, akaonyesha kwamba haiwezekani waliacha tu chombo kiende. Kingefika Sirti. Kwa maoni yake waliteremsha zana za juu, wakabakiza kipande kidogo cha tanga la tufani, na kuielekeza omo kaskazini, upepo ukiwapiga ubavu wa kulia. Chombo kikikaa hivyo hakiendi mbele. Kinakokotwa pole pole kwa ubavu, kuelekea magharibi na kaskazini kidogo, mbali na Afrika. Smith akakadiria mwendo wa kukokotwa huko kuwa maili moja na nusu kwa saa, yaani maili 36 kwa siku. Kutoka Gavdos hadi Malta, kisiwa walichofikia mwishowe, ni maili 476 hivi. Gawanya, utapata siku 13 na ushei. Luka aliandika kwamba nchi ilikaribia usiku wa kumi na nne. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara inanipa heshima mpya kwa mabaharia wale ambao hakuna hata mmoja tunayemjua kwa jina.

Kumbuka pia kwamba hawakuwa na dira. Luka anasema siku nyingi jua wala nyota hazikuonekana. Kwa majuma mawili hawakuwa na njia ya kuthibitisha kama wameikwepa Sirti au wanaielekea. Habari ya kwanza ya hakika ililetwa na bildi, usiku wa manane: pima 20 (pima moja ni kama mita 1.8), na walipoendelea kidogo, pima 15.

Wewe uliyezoea kupima kwa kamba utaona maana ya tarakimu hizo. Katika Sirti Ndogo, kwa jinsi sakafu ilivyo tambarare, kina kipungue kutoka pima 20 hadi 15 unahitaji kusafiri zaidi ya kilomita 10. Hapa kilipungua kwa mwendo mfupi wa chombo kinachokokotwa. Sakafu ilikuwa inapanda kwa kasi, na nchi ya namna hiyo ni ya mawe. Luka anasema hivyo hasa: waliogopa kutupwa penye miamba. Mchanga wa Sirti hautajwi tena. Wakatupa nanga nne za tezi ili omo ibaki imeelekea nchi kavu. Kulipokucha wakakata nanga, wakatweka tanga dogo na kulenga ufuko. Merikebu ikapanda mahali palipokutana bahari mbili, omo ikashika isitikisike, na tezi ikavunjwa na nguvu ya mawimbi, vilevile kama nilivyokueleza hapo juu. Lakini ufuko ulikuwa karibu, na kisiwa kilikuwa na watu waliowawashia moto. Wote 276 walifika nchi kavu.